Choronga Penye Shaka: Mwongozo wa Kupanua Mgodi wa Dhahabu wa Shimo la Wazi

Mbale, yaani mwamba wenye dhahabu, ikianza kupungua katika mgodi wa shimo la wazi, swali huwa moja kwa kila mtu, kuanzia mwenye hisa hadi dereva wa lori: je, dhahabu inaendelea? Jibu hupatikana kwa kuchoronga, na kuchoronga ni gharama. Kwa sababu hiyo viongozi wengi wa migodi hupeleka mtambo wa kuchoronga pale walipo na uhakika wa kupata matokeo mazuri, yaani chini ya sehemu iliyokwisha kutoa gramu nyingi. Mwongozo huu unakushauri ufanye kinyume. Kila mita unayoilipia ielekeze penye shaka ambayo ikiondoka itabadilisha umbo la shimo lako, au itakuzuia kulipanua. Thamani ya tundu la uchorongaji ipo katika uamuzi linaoubadilisha. Gramu zilizotoka ndani yake ni sehemu tu ya habari. Ushauri huu unamhusu zaidi mwenye mgodi wa kati, meneja wake na mjiolojia aliyekabidhiwa bajeti ndogo na matarajio makubwa, ingawa hata diwani au mwanahisa anayesoma taarifa za uchorongaji atapata humu maswali ya kuuliza.

Anza na kifusi, ndipo uende kwenye dhahabu

Chukua mfano wa hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo inayoonyesha shaka ilipo. Tuseme una mshipa uliosimama wima, wenye unene wa mita 8, na shimo lako limefika kina cha mita 60. Kuta zote mbili zina mteremko wa nyuzi 45. Ukikata shimo hilo kwa upande na kupima eneo, utaona kwamba kwa kila mita moja ya urefu wa mshipa umeondoa mita za ujazo 3,600 za kifusi ili kupata 480 za mbale. Huo ni uwiano wa 7.5 kwa 1. Sasa unataka kushuka mita 30 zaidi. Mbale itaongezeka kwa mita za ujazo 240, lakini kuta lazima zisogezwe nyuma kutoka juu kabisa hadi chini, na kifusi kinaongezeka kwa mita za ujazo 4,500. Uwiano wa nyongeza hiyo ni karibu 19 kwa 1. Mwamba ni uleule, mshipa ni uleule, lakini kila tani ya mbale mpya inadai kifusi mara mbili na nusu ya ile ya zamani.

Geuza uwiano huo kuwa fedha. Tuseme kuhamisha tani moja ya mwamba ni dola 3, kuchenjua tani moja ya mbale pamoja na gharama za uendeshaji ni dola 25, mtambo wa kuchenjua unaokoa asilimia 90 ya dhahabu, wakia moja, ambayo ni gramu 31.1, inauzwa dola 2,000, na mrabaha pamoja na ada ya ukaguzi ni asilimia 7. Kwa shimo la kwanza ulihitaji wastani wa karibu gramu 0.94 kwa tani ili gharama zirudi. Kwa nyongeza ya mita 30 unahitaji karibu 1.57. Mbale yenye gramu 1.3 iliyokuwa ikikulipa vizuri jana itakutia hasara kesho bila yenyewe kubadilika hata kidogo. Lakini angalia kinachotokea mwamba ukiwa imara kiasi cha kuruhusu kuta zisimame kwa nyuzi 55 katika upanuzi huo: ukilinganisha mashimo mawili yaliyochorwa kwa mteremko huo, kifusi cha nyongeza kinashuka hadi karibu 13 kwa 1, na kiwango unachohitaji kinashuka hadi gramu 1.25. Mbale ileile ya gramu 1.3 imerudi kuwa faida.

Hapo ndipo hoja yangu inaposimama. Katika mfano huu, tundu lililochorongwa ukutani, mahali pasipo na dhahabu kabisa, kwa ajili ya kupima uimara wa mwamba, linaweza kuamua hatima ya upanuzi kuliko matundu kadhaa ya kuthibitisha mshipa ambao tayari unajulikana. Anayehesabu gramu peke yake hawezi kuliona hilo. Kwa hiyo kabla hujasaini mkataba wa uchorongaji, mwambie mhandisi akuchoree maumbo matatu au manne ya shimo lililopanuliwa, kila moja kwa bei yake ya dhahabu, mteremko wake wa kuta na kiwango chake cha mbale. Mahali ambapo michoro hiyo inatofautiana ndipo shaka ilipo. Mahali ambapo yote inakubaliana, mtambo hauna kazi kubwa.

Hoji kwanza ulichokwisha kuchimba

Shahidi wa bei nafuu kuliko wote ni shimo lenyewe. Chukua kielelezo cha mashapo kilichotumika kupanga miaka miwili au mitatu iliyopita, kisha ukilinganishe na tani na gramu zilizopita kweli kwenye mtambo wa kuchenjua. Ikiwa kielelezo kiliahidi gramu 2 na mtambo ukapata 1.6, tafuta sababu kabla ya kuchoronga mita moja mpya. Huenda sampuli chache zenye gramu nyingi mno ziliachwa zitawale hesabu bila kuwekewa kikomo. Huenda mshipa ulichorwa mnene kuliko ulivyo. Huenda mbale inachanganyika na kifusi wakati wa kulipua na kupakia. Kosa hilo usipolirekebisha litahamia kwenye upanuzi, na huko litakuumiza zaidi kwa kuwa uwiano wa kifusi ni mkubwa.

Wapo watakaosema kwamba sampuli za matundu ya baruti zinatosha, kwa kuwa zipo kwa maelfu na zimelipiwa tayari. Ni kweli kwamba zinaeleza vizuri jinsi dhahabu inavyotawanyika ndani ya hatua moja ya shimo, na mjiolojia asiyezisoma anatupa mali. Lakini zinaishia kwenye kina cha hatua hiyo. Hazijui mshipa unapinda wapi mita 30 chini, wala kama kuna ufa mkubwa unaoukata. Zitumie kujua umbali ambao dhahabu hubaki na tabia ileile, kisha umbali huo ukuongoze kupanga nafasi kati ya matundu mapya. Nafasi ya mita 25 inaweza kutosha katika mwamba wenye dhahabu iliyosambaa sawasawa na isitoshe kabisa katika mishipa myembamba ya kwatzi. Usinakili nafasi za mgodi wa jirani.

Hivyo hivyo kwa maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, yaliyo kandokando ya shimo lako. Yanakuonyesha mahali dhahabu ilipo, na heshima ya kwanza ni kuyapima na kuyaweka kwenye ramani. Ila wachimbaji wadogo hufuata sehemu nono, kwa hiyo mbale yao haiwakilishi mwamba wote ambao mashine zako zitauchota. Zaidi ya hayo, duara lisilo kwenye ramani ni hatari: mtambo unaweza kutitia juu yake, na katika hesabu utakuwa umeuza dhahabu iliyokwisha kuondoka.

Mtambo, mwelekeo na upimaji wa tundu

Migodi mingi ya wazi huchanganya njia mbili. Mtambo wa RC hutumia hewa yenye msukumo mkubwa kupandisha chenga za mwamba kupitia bomba la ndani. Ni wa haraka na wa gharama nafuu. Mtambo wa almasi hukata na kutoa kori, yaani mwamba ukiwa mzima, ambao unaweza kuusoma: mishipa inaelekea wapi, nyufa ni ngapi, mwamba umelegea au umeshikana. Kwa mita za juu zilizo kavu, RC inatosha. Maji yakianza kuingia kwenye tundu kuliko hewa inavyoweza kuyazuia, simamisha RC na uendelee kwa almasi, kwa sababu chenga zilizolowa huganda bombani na kupeleka dhahabu ya mita ya juu kwenye mfuko wa mita ya chini. Sampuli ya namna hiyo huongopa kwa upole: hurefusha mshipa kwenda chini, yaani upande uleule ambao wewe ungependa urefuke.

Elekeza tundu liukate mshipa kwa upana wake kadiri inavyowezekana. Tundu lililolazwa kwa nyuzi 60 litapita ndani ya mshipa wima wenye unene wa mita 8 kwa urefu wa mita 16. Kwa hiyo unaposikia taarifa ya mita 16 zenye dhahabu, swali la kwanza ni unene halisi ni mita ngapi. Kisha pima mwelekeo wa tundu kuanzia mdomoni hadi mwisho. Tundu la mita 150 lililokosea nyuzi 5 tangu mwanzo litaishia karibu mita 13 mbali na pale ulipolichora, na mita 13 zinatosha kuhamisha mbale kutoka ndani ya shimo hadi nje yake. Hakikisha pia kwamba baadhi ya matundu yanavuka mshipa na kuendelea upande wa pili. Mtambo unaosimamishwa mara dhahabu inapokoma hauwezi kukuambia kama kuna mshipa mwingine sambamba ndani ya ukuta, ambao ungegeuza kifusi cha ukuta huo kuwa mbale.

Sampuli inahitaji daftari

Tundu la RC lenye kipenyo cha milimita 140 hutoa karibu kilo 40 za mwamba kwa mita. Maabara itayeyusha gramu 50 tu kati yake, sehemu moja kati ya 800 hivi. Sasa fikiria punje moja ya dhahabu safi yenye ukubwa wa milimita 1 kila upande. Uzito wake ni miligramu 19. Punje hiyo ikiangukia ndani ya gramu 50 zako, maabara itaandika zaidi ya gramu 380 kwa tani. Ikiangukia kwenye kilo zilizobaki, utaandikiwa mwamba mtupu. Katika hali zote mbili maabara itakuwa imefanya kazi kwa uaminifu. Ndiyo maana mwamba wenye punje kubwa unahitaji sampuli kubwa, kusagwa vizuri zaidi, na kipimo kinachochekecha punje kubwa na kuzipima peke yake. Usifurahie gramu 380, na usizifiche. Rudia kipimo, kisha uandike majibu yote.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na katika uchorongaji msemo huu ni kanuni ya kazi. Katika kila kundi la sampuli ingiza mwamba unaojulikana hauna dhahabu, unga wenye kiwango kilichothibitishwa, na sampuli iliyogawanywa mara mbili. Mwamba mtupu ukirudi na dhahabu, maabara ina uchafu. Unga wa kiwango ukirudi chini au juu kupita kiasi, majibu ya kundi zima yarudiwe. Sampuli mbili za mita moja zikitofautiana sana, tatizo liko katika kugawa au katika asili ya dhahabu yenyewe. Kori ikatwe katikati kwa urefu, nusu iende maabara na nusu ibaki kwenye kasha lenye namba, ghalani, ili mwingine aje kukagua.

Hiyo nusu inayobaki ina historia. Kampuni ya Bre-X ya Kanada ilitangaza utajiri mkubwa wa dhahabu huko Busang, Kalimantan, nchini Indonesia, huku ikisaga kori nzima badala ya kubakiza nusu. Mwaka 1997 kampuni ya Freeport ilichoronga matundu yake kwa ajili ya kuhakiki na kukuta kiasi cha dhahabu kisicho na maana; uchunguzi huru ukathibitisha kwamba sampuli zilikuwa zimetiwa dhahabu. Akiba za watu wengi ziliyeyuka. Kanada ikaweka kanuni mpya za utoaji wa taarifa za madini, zilizoanza kutumika mwaka 2001, zinazodai mtaalamu mwenye sifa aweke jina lake chini ya takwimu. Somo kwako ni la kawaida kabisa: mashaka yanayoelekezwa kwenye sampuli zako mwenyewe ndiyo yanayolinda jina la mgodi wako.

Maswali ambayo gramu haziyajibu

Kadiri shimo linavyoshuka, mwamba hubadilika. Karibu na uso wa ardhi umelika kwa hewa na mvua, ni laini, na sayanaidi hufikia dhahabu bila shida. Chini ni mwamba mgumu wenye madini ya salfaidi, na baadhi yake hula sayanaidi na oksijeni au huifungia dhahabu ndani. Mtambo uliookoa asilimia 90 juu unaweza kuokoa kidogo zaidi ya nusu chini. Tenga sehemu ya kori kutoka kila aina ya mwamba kwa majaribio ya uchenjuaji, na ufanye hivyo mapema, kabla hujatangaza wakia zozote. Pima pia uzito wa mwamba kwa ujazo, kwa kuwa kosa la asilimia 5 hapo ni kosa la asilimia 5 katika kila tani unayoahidi. Acha matundu machache wazi kwa ajili ya kupima kimo cha maji ya ardhini; ukuta uliojaa maji husimama kwa mteremko mdogo, nasi tumeona nyuzi 10 zina maana gani.

Usisahau mahali pa kumwaga kifusi kipya. Mamilioni ya tani yakishalundikwa juu ya mshipa ambao hukuujua, hakuna atakayeyahamisha. Choronga matundu machache chini ya eneo la lundo, ukitumaini kwa dhati kwamba yatatoka matupu. Hili ni jambo linalowashinda wengi kulielewa: utupu uliothibitishwa ni mali. Tundu tupu kwenye ukingo wa kaskazini linakuzuia kusogeza ukuta huo bure, na akiba yake inaweza kulipia kazi nzima ya uchorongaji.

Ardhi juu ya mshipa nayo ina watu. Leseni ya madini hukupa haki juu ya kilicho chini. Shamba, nyumba na makaburi yaliyo juu yana wenyewe. Kabla ya kufyeka njia ya mtambo, kaa na serikali ya kijiji na mwenye shamba, mkubaliane kwa maandishi juu ya fidia ya mazao, na mweleze wazi kwamba kuchoronga si ahadi ya mgodi wala ya kuhamishwa. Mtambo ukiondoka, fukia mashimo ya tope, ziba mdomo wa kila tundu lisilo la kupima maji na uupime kwa mara ya mwisho. Tundu lililoachwa wazi huvunja mguu wa ng'ombe na kuvunja imani ya kijiji kizima. Na ikiwa michoro yako inaonyesha kwamba upanuzi utagusa makazi, gharama hiyo iingie kwenye hesabu ya kwanza kabisa, kwa sababu inaweza kubadilisha umbo la shimo kuliko dhahabu yenyewe.

Hoja za wanaopinga

Hoja nzito zaidi dhidi ya njia hii ni ya fedha. Mgodi mdogo hutafuta mtaji kwa matokeo yake, na mwekezaji huvutwa na namba kubwa. Ukimpelekea matundu ya ukutani na matundu matupu, ataondoka. Sikatai kwamba soko hupenda gramu nyingi. Lakini benki inayokopesha kwa ajili ya upanuzi haikopeshi kwa tundu moja. Kanuni za JORC za Australia, ambazo hutumiwa na migodi mingi Afrika, hutenganisha rasilimali iliyokisiwa, iliyoonyeshwa na iliyopimwa, na rasilimali iliyokisiwa tu haiwezi kugeuzwa kuwa akiba ya kuchimbwa. Matundu mazuri yaliyotawanyika hukuacha hapohapo kwenye kukisia. Kinachokuvusha ni matundu yaliyojaza nafasi zenye shaka, pamoja na vipimo vya kuta, maji na uchenjuaji. Kwa hiyo anayeanza na shaka hufika kwenye mkopo mapema kuliko anayeanza na tangazo.

Hoja ya pili ni kwamba mashapo makubwa yalipatikana na watu waliothubutu kufuata dhahabu chini bila kuhesabu kila mita. Ni kweli kwamba dhahabu huvuka mipaka ya shimo. Geita, mgodi wa AngloGold Ashanti nchini Tanzania uliofunguliwa mwaka 2000, uliendelea chini ya ardhi katika Star and Comet na Nyankanga baada ya mashimo ya wazi, na mwaka 2021 ukaanza shimo jipya huko Nyamulilima. Lakini tazama historia hiyo inasema nini. Swali halikuwa tu kama dhahabu ipo chini. Lilikuwa ni njia ipi ya kuifikia inalipa: shimo kubwa zaidi, handaki, au shimo jingine kilomita kadhaa pembeni. Uchorongaji usioweza kutofautisha njia hizo hauwezi kukuonyesha ya kuchagua. Tundu refu la kuthubutu lina nafasi yake, na ni busara kulitengea sehemu ndogo ya bajeti, mradi ukubali kwamba linajibu swali la mgodi wa baadaye, halijibu la ukuta wa mwakani.

Hivyo panga kazi kwa awamu, na kabla ya kila awamu andika kwenye karatasi moja ni matokeo gani yatakufanya uendelee, yapi yatakufanya ubadilishe mchoro, na yapi yatakufanya uache. Waonyeshe wenye hisa karatasi hiyo kabla majibu ya maabara hayajarudi, kwa sababu baada ya hapo kila mtu hupata sababu ya kuendelea. Awamu ikisema acha, hukupoteza fedha, umenunua muda. Mgodi wa Buzwagi, huko Kahama, Tanzania, ulianza uzalishaji mwaka 2009 na kuusimamisha mwaka 2021, na kila mgodi wa wazi una siku kama hiyo mbele yake. Anayeijua miaka mitano kabla anaweza kuwafundisha mafundi wake kazi nyingine, kutenga fedha za kurudisha ardhi katika hali nzuri, na kuiambia halmashauri ukweli kuhusu mapato yajayo. Anayeijua miezi mitano kabla huwaachia wengine mzigo huo. Kuchoronga penye shaka ni wajibu kwa watu wanaoutegemea mgodi kama kulivyo wajibu kwa wenye hisa, na hesabu ya pande zote mbili huanza na michoro ile mitatu au minne, iliyowekwa mezani kabla mtambo haujawashwa.